Umegawanya Nini kwa Nini?

"Wastani wa watu 200 walihudhuria mkutano huo." Sentensi ya namna hii hupita mezani kwa mhariri bila kuguswa, ilhali ina kosa. Mkutano ulikuwa mmoja na waliokuja walikuja mara moja. Mwandishi alikadiria kwa macho. Neno alilolihitaji ni takriban, au wapatao.

Wastani haupatikani bila jumla na kigawanyo. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 katika kaya milioni 12 na ushei. Gawanya, utapata 3.9. Kwa hiyo "kwa wastani, kaya moja ina watu 3.9" ni sentensi safi, ingawa hakuna mlango utakaobisha ukafunguliwa na tisa ya kumi ya mtu. Namba hiyo ni ya kaya zote kwa pamoja, si ya jirani yako.

Wanaoandika Kiingereza nao wana mitego yao. Leo fungu la maneno "on average" huandikwa kwa kawaida bila "an" wala "the" katikati. "In average" ni kosa. Na "averagely", ambayo baadhi ya wanafunzi huipenda, haigawanyi chochote: maana yake ni kwa kiasi cha kadiri, si vizuri sana wala si vibaya.

Mtego mkubwa zaidi ni "the average worker". Tuchukue mfano wa gereji yenye watu watano. Mafundi wanne wanalipwa shilingi 300,000 kila mmoja, mwenye gereji anachukua 2,800,000. Jumla ni 4,000,000, wastani ni 800,000. Ukiandika "kwa wastani, kila mmoja anapata 800,000", hesabu imekaa sawa. Ukiandika "fundi wa kawaida anapata 800,000", umesema uongo, maana hakuna hata mmoja anayeishika pesa hiyo. Fundi wa kawaida anaonekana kwenye mediani, yaani kipato cha yule anayesimama katikati ukiwapanga kutoka wa chini hadi wa juu: 300,000.

Kinaya ni kwamba neno wastani tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni katikati hasa. Lugha ilimtazama mtu wa katikati, hesabu za shuleni zikatufundisha kujumlisha na kugawanya. Ndiyo maana msomaji akikutana na wastani humwona mtu wa kawaida, hata pale ambapo mwandishi hakumkusudia.

Kabla ya kuliandika, basi, jiulize umegawanya nini kwa nini. Kama mikutano ilikuwa 10 na waliohudhuria ni 2,000, andika bila hofu: "wastani wa watu 200 kwa kila mkutano." Kama ulisimama mlangoni ukakisia, andika takriban.