Uhaba Si Bei: Uchambuzi wa Karata za Kichawi kwa Mbunifu wa Kahama

Magic: The Gathering ilipotoka Agosti 5, 1993, ilikuwa na karata tano zilizopimwa kwa kipimo kimoja: lipa mana moja, yaani nguvu ya kulipia karata, upate vitatu. Lightning Bolt, nyekundu, humpiga mpinzani au kiumbe chake pigo la 3. Giant Growth, ya kijani, hukiongezea kiumbe chako nguvu 3 na uhai 3 hadi zamu iishe. Dark Ritual, nyeusi, hugeuza mana moja kuwa tatu. Healing Salve, nyeupe, hurudisha uhai 3 au hukinga pigo la 3. Ancestral Recall, ya bluu, humruhusu mchezaji kuvuta karata 3.

Ukiziandika kwenye daftari zinalingana. Ukizitandika mezani, ile ya bluu inazipita nyingine zote kwa mbali. Nne za kwanza zinatumia karata moja mkononi kufanya jambo moja, na kazi imekwisha. Ya tano inatumia karata moja na kukuachia tatu mpya, maana yake kila ukiicheza umemzidi mwenzako kwa karata mbili, na kati ya hizo tatu huenda moja ni Ancestral Recall nyingine. Waundaji waliliona hilo. Nne wakazichapa kama karata za kawaida, ya tano wakaifanya adimu, na gharama wakaiacha palepale kwenye mana moja.

Uamuzi huo mdogo ndio ninaotaka kuuchambua, kwa sababu kila anayeanza kubuni mchezo wa namna hii hujikwaa hapo. Karata ilikuwa na nguvu kuliko bei yake, na badala ya kupandisha bei, wakapunguza idadi. Mkazi wa Kahama, mji uliokaa kati ya mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu na uliokuwa mgodi wa Buzwagi, hahitaji somo refu kuona tatizo. Dhahabu ni adimu, lakini uhaba wake haujawahi kuifanya igawanyike sawa kati ya mwenye duara la kuchimbia, manyoka wanaoshuka chini, mwenye karasha ya kusagia mawe na mnunuzi. Uhaba huzuia wasio na hela tu. Mwenye hela hukusanya.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1991 Richard Garfield alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akishughulika na kombinatoriki, tawi linalohesabu njia za kupanga na kuchagua vitu. Alimpelekea Peter Adkison, mwanzilishi wa kampuni changa ya Wizards of the Coast, mchezo wa ubao uitwao RoboRally. Adkison aliupenda, ila uchapaji wake ulikuwa ghali kwa kampuni ya saizi yake. Akaomba kitu chepesi, cha kubebeka mfukoni, kinachochezwa kwa muda mfupi. Garfield akarudi na wazo lililobadilisha kila kitu: kila mchezaji aje na karata zake mwenyewe.

Kwa mtu aliyekulia kwenye bao, hili ni geni kweli. Kete 64 za bao ni sawa zote, ziko wazi machoni pa wote, na hakuna anayekuja na za kwake kutoka nyumbani. Pakiti ya karata za kawaida ni vilevile, kopa na shupaza na uru na pau ni mali ya meza. Garfield alimpa kila mtu mkoba wake, na hivyo nusu ya mchezo ikahamia nyumbani, pale unapokaa peke yako kuchagua nini kiingie na nini kibaki. Majaribio ya mwanzo yalifanywa kwa karata 120 tu, zilizogawanywa kwa bahati kati ya wachezaji wawili. Naona hii ndiyo taarifa yenye manufaa kuliko zote kwa mbunifu asiye na kampuni nyuma yake, maana karata 120 hata steshenari ya mtaani inazimudu.

Nguzo nyingine ya Magic ni kwamba kitabu cha sheria hushindwa na karata. Kikisema unavuta karata moja kila zamu na karata ikasema uvute tatu, karata ndiyo inayosikilizwa. Wachezaji wa lasti kadi wanalijua hili bila kufundishwa: mbili ikitupwa, anayefuata anaokota mbili, ingawa utaratibu wa kawaida haukumtaka aokote. Tofauti ni kwamba kwenye lasti kadi zenye amri ni chache, wakati kwenye Magic karibu kila karata ina amri yake. Faida yake ni kwamba sheria za msingi zinabaki fupi. Hasara yake ni kwamba kila neno linalochapwa kwenye karata ni sheria mpya, na neno lililolegea litaleta ugomvi mezani.

Sasa bei yenyewe. Mana hutoka kwenye karata za ardhi, na ardhi unaruhusiwa kushusha moja tu kwa zamu. Hapo pana ufundi ambao ni rahisi kuupita bila kuuona: bei ya karata ni muda. Karata ya mana tano haiwezi kuchezwa kabla ya zamu ya tano, labda mchezaji apate msaada. Kwa hiyo mbunifu anapoandika tarakimu kwenye kona ya karata, anapanga karata hiyo izaliwe lini ndani ya mchezo. Ndiyo maana Black Lotus ilileta maafa: hailipiwi chochote, inatoa mana tatu mara moja, na ukiiongezea ardhi yako ya kwanza unafanya katika zamu ya kwanza jambo lililopangiwa zamu ya nne. Karata nyingi kali zinaharibu hesabu ya pambano moja. Hii inaharibu saa.

Ardhi ina adhabu yake pia, na mbunifu lazima aihesabu kabla hajachora hata zimwi moja. Chukua fungu la karata 60 lenye ardhi 24. Ukivuta karata 7 za kuanzia, uwezekano wa kuambulia ardhi moja au kukosa kabisa ni takriban asilimia 14, yaani mara moja katika kila michezo saba. Punguza ardhi hadi 20 ili upate nafasi ya karata za mapigo, na uwezekano huo unapanda hadi karibu asilimia 25. Ardhi nne tu zimepunguzwa, na mara moja katika kila michezo minne unaanza ukiwa umefungwa mikono. Sioni kama huo ni udhaifu mtupu, kwa sababu bahati mbaya ndiyo inayompa mgeni nafasi ya kumshinda mzoefu, na mchezo ambao mgeni hashindi kamwe hupoteza wageni. Ila kiasi chake kinapaswa kuchaguliwa kwa hesabu, si kukutwa kimekaa.

James White wa New Zealand, aliyetoa Flesh and Blood mwaka 2019, aliitatua adhabu hiyo kwa njia ninayoipenda sana. Mchezo wake hauna karata za ardhi. Karata nyingi huweza kutumika ama kwa kazi yake ama kulipia nyingine, na zile zenye nguvu zaidi hulipa kidogo: toleo jekundu la karata hupiga sana na kulipa 1, la njano hulipa 2, la bluu hupiga kidogo na kulipa 3. Karibu mkono wowote unachezeka. Kinachokuumiza ni kuchagua nini cha kutoa kafara.

Kwenye Magic, uhaba ulitengenezwa kiwandani. Carta Mundi ya Ubelgiji ilichapa karata kwenye karatasi kubwa za safu 11 kwa 11, karata 121 kila moja, zile za kawaida, za nadra na adimu kila kundi likiwa na karatasi zake. Pakiti ndogo ya karata 15 ilibeba 11 za kawaida, 3 za nadra na 1 adimu. Garfield alitarajia watu watumie kiasi kinachotumika kwa mchezo wa kawaida, wanunue fungu moja na pakiti chache, kisha karata kali zizagae mojamoja mtaani. Tena kila pambano lilikuwa na dau: kila mchezaji aliweka karata moja, mshindi akazichukua, na hivyo karata zingezunguka.

Hesabu hiyo ilivunjika haraka. Chapa ya kwanza, takriban karata milioni 2.6, iliisha upesi mno. Watu walinunua kwa maboksi. Kiwango cha chini cha fungu kilikuwa karata 40 na hapakuwa na kikomo cha nakala, kwa hiyo mwenye uwezo hakuzuiwa kujaza Ancestral Recall kumi. Mwaka 1994 mashindano rasmi yalilazimika kuweka kikomo cha nakala nne, fungu la karata 60, na orodha ya karata zinazoruhusiwa nakala moja tu. Dau nalo likafifia, na baada ya 1995 hazikuchapwa tena karata mpya zinazolitaja. Nchini kwetu Tanzania michezo ya kubahatisha ina sheria yake ya mwaka 2003 na Bodi inayoisimamia. Mbunifu asiyetaka kubisha hodi huko aache dau nje.

Mimi ningeacha nje hata pakiti za kubahatisha. Netrunner, mchezo mwingine wa Garfield wa mwaka 1996, ulirudishwa mwaka 2012 katika pakiti ambazo kila mnunuzi anajua kilichomo. Kampuni iliyourudisha ilipousimamisha mwaka 2018, wachezaji wenyewe waliuendeleza, leo wakijiita Null Signal Games, na faili zao unaweza kuzichapa nyumbani bure. Kwa kijana wa Kahama anayejigharamia, huu ndio mfano wa kufuata. Karata ya milimita 63 kwa 88 inaingia mara tisa kwenye A4. Karatasi tano zinatoa karata 45. Zigandishe juu ya pakiti ya zamani ya karata 52, kwa sababu karatasi tupu huonyesha maandishi upande wa pili. Na wakati wa majaribio kila karata ipatikane kwa kila mchezaji nakala nne, hata ile unayopanga kuiita adimu. Kama mchezo unavunjika, tarakimu ya kwenye kona ndiyo ya kubadilishwa.

Hadithi za kujaza karata hizo zipo tele Usukumani. Lipo zimwi Shing'weng'we lililomeza watu, na Masala Kulangwa aliyewakomboa. Kinachonivutia zaidi kama mchambuzi, hata hivyo, ni Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyotokana na mabingwa wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, na kwenye sherehe za Bulabo kule Bujora, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, mmoja na nyoka, mwingine na majembe au vinyago, na dawa ya kuvuta watu ikiwa imeandaliwa. Anayeshinda ni mwenye umati mkubwa. Hili ni lengo la mchezo lililokamilika, na halimtaki mtu aue kiumbe hata kimoja.

Hatari yake ya kiufundi ni moja: mwenye umati asilipwe kwa kuwa na umati. Umati ukizaa mana, aliyetangulia zamu ya pili atakuwa ameshashinda zamu ya tatu, na mwenzake atakaa akimtazama tu. Kwa hiyo watazamaji wawe alama peke yake, na kila ngoma ilipiwe upya kila zamu, la sivyo watu wake warudi katikati. Kwa majaribio ningeweka kete 21 za bao katikati ya meza. Anayefikisha 11 upande wake ameshinda.