Mbawakawa na Kivuli Chake

Msomaji, mvua zinyeshapo Mowlem, upande wa mashariki wa Nairobi, nawe unasoma usiku karibu na taa, huenda ukamwona mdudu mdogo, mwekundu kwa mweusi, akitambaa juu ya kitabu chako. Watu humwita nzi wa Nairobi. Kumbe si nzi, ni mbawakawa. Ukimponda juu ya ngozi, maji ya mwili wake hukuunguza. Basi hata mdudu tumwogopaye hatujamtazama vema.

Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg katika Ujerumani, alitazama. Mwaka 1505 alichora kwa rangi za maji mbawakawa mwenye taya kubwa mfano wa pembe za kulungu. Picha hiyo, ambayo urefu wake haufiki sentimita 15, imehifadhiwa katika makumbusho ya Getty, Los Angeles. Hamna jani wala jiwe. Mdudu yuko peke yake, ameinua kichwa, na chini yake pana kivuli. Kivuli hicho ndicho siri ya kazi yote. Kwacho karatasi imegeuka ardhi, na mdudu amepata uzito, hata wadhani sasa hivi atakwenda zake.

Miaka sabini hivi baadaye, Joris Hoefnagel wa Antwerp alijaza wadudu kitabu kizima, na mbawakawa wa Dürer akamnakili humo. Mkono wake ulikuwa hodari ajabu. Lakini katika ukurasa mmoja wa kerengende, alibandika mabawa halisi juu ya miili aliyoichora. Yamkini alitaka kukiri kwamba brashi haishindani na kazi ya Mungu. Unyenyekevu huo ni mwema; hata hivyo naona hapo aliteleza. Bawa la kubandikwa ni la kweli, lakini limekufa. Kivuli cha Dürer ni rangi tupu, nacho kina uhai. Tunamwendea mchoraji ili tuone kwa macho yake, na bawa lile halikupita machoni mwake.

Basi akija tena yule mdogo wa Mowlem, usimponde. Mwache apande karatasi, umtazame: kichwa cheusi, kifua chekundu, mabawa mafupi ya buluu iliyokoza yasiyolifunika tumbo, na ncha ya nyuma nyeusi. Kisha mchore, wala usikisahau kivuli chake.