Kunyamazisha Ovari: Tiba ya Mtetea Aliyeugua kwa Sababu ya Mayai Yake

Miongoni mwa maradhi yanayowatesa mitetea wanaofugwa kwa mapenzi nchini Uingereza, yale ya viungo vya uzazi yana sura ya pekee, kwa kuwa mara nyingi chanzo chake si kirusi kilichotoka nje kama kile cha mdondo, bali ni kazi ileile ya kutaga ambayo kwa ajili yake kuku huyo alizalishwa. Kuku pori mwekundu wa Asia, mzazi mkuu wa kuku wa kufugwa, hutaga takriban mayai 10 hadi 15 kwa mwaka, kisha huatamia na kuupumzisha mwili. Kuku wa mayai wa kisasa hupita 300, na kila ganda humtoa takriban gramu 2 za kalisiamu, sehemu yake ikichotwa mifupani. Wengi wao hutoka mashambani wakiwa na wiki zipatazo 72, wakati mfugaji wa biashara huwaona wamechakaa, wakachukuliwa na familia ambazo huwapa jina na banda, na ambazo baadaye hulazimika kuwauguza.

Mtetea ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya upande wa kushoto, pamoja na mrija mmoja wa mayai ambao mdomo wake mpana hupaswa kukidaka kiini mara kinapoachiwa. Mrija ukivimba au kuziba, kiini huanguka tumboni, na kwa kuwa ni chakula kizuri cha bakteria, utando unaozunguka viungo vya ndani huvimba na kuchuruza maji. Hali hiyo huitwa peritonitisi ya kiini. Dalili zake hujificha, maana kuku ni windo, na windo linaloonyesha unyonge huliwa kwanza. Hivyo anapoonekana amejikunyata, upanga wa kichwani umefifia na miguu imetanuka kama ya bata, ugonjwa huwa umekwisha kukomaa.

Hapa ndipo mpangilio wa tiba unapoamua mambo, na ndipo walezi wengi wenye nia njema hukosea kwa kukimbilia kumlisha. Joto la kawaida la kuku ni nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi. Aliyepoa hasagi chakula, na nafaka inayoshindiliwa katika gole, yaani mfuko wa shingoni unaohifadhi chakula kabla hakijafika kwenye firigisi, huchacha humo humo. Kwa hiyo madaktari wa mifugo wenye uzoefu wa ndege huanza na joto, katika kisanduku tulivu chenye nyuzi zipatazo 30, kisha humdunga chini ya ngozi maji ya chumvi yaliyopashwa moto, pamoja na dawa ya maumivu kama meloksikamu. Uji mwepesi hufuata tu baada ya kuthibitika kwamba gole linasukuma. Mpira wa kumlishia hupitishwa upande wa kulia wa koo, kwa sababu tundu la pumzi liko wazi nyuma tu ya ulimi, na tone lililokosea njia huishia mapafuni.

Maji ya tumboni hutolewa kwa sindano, si kwa lengo la kuponya bali kumpa nafasi ya kupumua. Kuku hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Hupumua kwa kutanua kiwiliwili chote ili hewa ipite katika mifuko ya hewa iliyoenea mwilini, hivyo kumlaza chali akiwa amejaa maji, hata kwa muda mfupi, kunaweza kumuua. Hushikwa wima, na maji hayamalizwi kwa mkupuo mmoja.

Yote hayo humvusha siku kadhaa, lakini kiini kingine kinakuja. Kuukata mrija hakutoshi, kwani ovari imeshikana na mishipa mikubwa ya damu, haing'oki kirahisi, na ikibaki huweza kuendelea kuachia viini tumboni. Ufumbuzi ulitokana na utafiti wa homoni za ubongo, ambao kwa ajili yake Andrew Schally na Roger Guillemin walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Moja ya homoni hizo, yenye asidi amino 10, huiamuru tezi ya pituitari iichochee ovari. Mwaka 1982 Judy King na Robert Millar, wakiwa Cape Town, walionyesha kwamba ile ya kuku hutofautiana na ya mamalia kwa asidi amino moja tu, na udogo wa tofauti hiyo husaidia kueleza kwa nini deslorelini, dawa inayoiga homoni hiyo na inayotumika kuhasi mbwa dume bila kisu, humfaa mtetea.

Deslorelini huwekwa chini ya ngozi kama kijiti chenye miligramu 4.7, kikaiachia dawa kidogo kidogo bila kukoma. Nguvu yake imo katika kutokoma huko: ubongo hutuma homoni kwa vipindi, na pituitari huitika kila kipindi, lakini ikiamriwa mfululizo, vipokezi vyake hupungua, na ovari haipati tena agizo la kuachia kiini. Kabla ya kunyamaza, hata hivyo, tezi huchangamka kwanza, ndiyo maana siku za mwanzo zahitaji uangalizi mkali kuliko zote.

Sheria za Uingereza humhesabu kuku kuwa mnyama wa chakula hata akiwa na jina, hivyo dawa kama metronidazo haziruhusiwi kwake, na mayai ya aliyewekewa kijiti hayapaswi kuliwa. Kijiti hakiondoi saratani ya ovari, ambayo huwapata mitetea wakongwe mara nyingi kiasi kwamba watafiti wa saratani ya wanawake huwachunguza. Kwa wengine huleta nafuu ya miezi kadhaa: upanga husinyaa, manyoya hupukutika na kuota mapya, na upanga utakapoanza tena kuwa mwekundu, mlezi hupaswa kumrudisha kwa daktari siku hizo hizo, kabla kiini cha kwanza hakijaachiwa.