Namba ya Dickson Job na Mtoto wa Darasa la Tano Bugarama

Dickson Job, beki wa kati Mtanzania, hana kimo ambacho makocha wengi hukitafuta kwa mchezaji wa nafasi hiyo. Kona inapopigwa, washambuliaji kadhaa walio karibu naye humpita kwa kichwa kizima. Hata hivyo, mwaka 2017 ndiye aliyekuwa nahodha wa Serengeti Boys, timu ya vijana ya Tanzania, kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gabon, timu hiyo ikatoka suluhu na Mali, na Mali ndio walioondoka na kombe. Miaka sita baadaye alikuwa sehemu ya ukuta wa Yanga uliofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kulikosa kwa kanuni ya bao la ugenini tu, baada ya matokeo ya jumla ya 2-2 dhidi ya USM Alger. Ukimfuatilia bila kuufuata mpira utaona kinachomweka pale. Straika anapogeuza bega ili akimbilie nyuma ya mabeki, Job ameshaanza kurudi. Mpira wa juu unapokuja, hujitahidi kuwahi mahali utakapodondokea badala ya kusubiri kugombana hewani. Sasa tuchukulie kwamba mtoto wa aina hiyo yuko darasa la tano kwenye shule ya msingi katika kata ya Bugarama, wilayani Ngara, na mwalimu wa michezo anapanga timu. Je, atapewa namba tano, yaani ya beki wa kati?

Naamini hatapewa, na lawama si ya mwalimu. Mwalimu huyo ana watoto arobaini, mpira mmoja au miwili, na wiki chache tu kabla ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ambako timu hupanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa. Anapanga kwa macho. Mrefu anakwenda namba tano, mwenye mbio namba saba, wa mguu wa kushoto namba kumi na moja bila mjadala, mwenye chenga namba kumi, mwenye shuti zito namba tisa, na asiyejua kucheza anawekwa golini. Kwa mechi ya Jumamosi ijayo upangaji huo una mantiki yake. Kwenye kiwanja cha mteremko, chenye mashimo na majani yaliyokatwa nusu, mpira hautulii mguuni, kwa hiyo timu hubutua mbele na mwenye mwili hushinda. Tatizo ni kwamba namba iliyotolewa kwa ajili ya Jumamosi hiyo humganda mtoto. Akiingia sekondari na kuulizwa anacheza namba ngapi, atajibu ile ile aliyopewa akiwa na miaka kumi na moja, naye mwalimu mpya hatakuwa na sababu ya kumbadilisha.

Hoja yangu ni kwamba mtoto anayeanza mpira asipewe namba kwa mwili alionao, kwa sababu mwili huo si wake wa kudumu. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 13 au 14, na wasichana huwatangulia kwa takriban miaka miwili. Wavulana wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kuwa mbalimbali kabisa kwa ukomavu wa mwili wakifika darasa la sita au la saba, mmoja ameanza kubalehe na mwenzake bado. Watafiti wa michezo wameonyesha pia, katika nchi nyingi na kwa miaka mingi, kwamba timu za vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili, kwa kuwa miezi tisa au kumi ya kutangulia huonekana kama kipaji. Huku kwetu pengo linaweza kuwa kubwa zaidi, maana darasa moja la shule ya kijijini mara nyingi lina watoto waliopishana hata miaka miwili. Kwa hiyo mwalimu anapomchagua mrefu kuwa beki wa kati, mara nyingi amemchagua aliyetangulia kukua tu.

Madhara yake huwaangukia wote wawili, aliyetangulia kukua na aliyechelewa. Mkubwa aliyewekwa namba tano hujifunza kubutua, kwa sababu hakuna anayemlazimisha kufanya kingine. Hapokei mpira akiwa na mtu mgongoni, hapigi pasi kwa mguu wa pili, na kila kosa lake la kusimama vibaya husahihishwa na miguu mirefu. Akifika miaka 17 wenzake wameshamfikia kwa kimo, naye amebaki na silaha ambayo sasa kila mtu anayo. Mdogo aliyesukumwa pembeni, au aliyeketi benchi, alihitaji miaka miwili tu ya kuugusa mpira. Hapo ndipo tunapowapoteza wengi, na huwa hatuwahesabu kwa kuwa hawaonekani tena.

Basi mwalimu atazame nini? Atazame kile mtoto anachofanya wakati mpira hauko kwake. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliwachunguza viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza na kuona kuwa wanaogeuza shingo mara nyingi kutazama pande zote kabla ya kupokea mpira ndio wanaofikisha pasi nyingi zaidi. Frank Lampard alikuwa miongoni mwa vinara. Kugeuza shingo hakuhitaji kimo wala misuli, na hata mtoto wa miaka kumi anaonekana kama anayo tabia hiyo au hana. Njia nyepesi ya kuipima ni kuachana na kumi na moja kwa kumi na moja. Chora eneo la hatua thelathini kwa ishirini, weka mawe mawili kila upande yawe magoli, acha wacheze wanne kwa wanne bila kipa, hata kama mpira ni wa majani makavu ya mgomba. Kisha subiri timu moja ipokonywe mpira, na usiutazame mpira huo. Kuna mtoto ataukimbilia palepale ulipopotea, na huyo ana asili ya kiungo mkabaji. Kuna atakayekimbilia mbele ya goli lake kabla hajaambiwa. Mfikirie kwa ulinzi wa kati, awe mfupi au mrefu. Mwingine ataonyesha kwa kidole na kupiga kelele nani amkabe nani, na mwingine ataganda mahali palipo wazi akisubiri mpira urudi kwao. Walimu wengi humwita huyu wa mwisho mvivu. Mimi ningesita: huenda ndiye pekee aliyeona nafasi, na straika wa kweli hana tofauti kubwa naye. Ukirudia zoezi hilo kwa majuma kadhaa, ukiwabadilisha wenza, utakuwa na ushahidi ambao mbio za mita mia haziwezi kukupa.

Chama cha soka cha Uingereza kilibadili mfumo wake wa watoto kwa kura ya mwaka 2012: watano kwa watano, kisha saba kwa saba, kisha tisa kwa tisa, ndipo kumi na moja. Kule mabadiliko hayo yalihitaji mipango na magoli mapya. Bugarama inahitaji mawe tu, na watoto wenyewe wamekuwa wakicheza hivyo kwenye chandimu tangu zamani. Inashangaza kwamba tunawatoa kwenye mchezo unaowafundisha na kuwapanga safu kama watu wazima siku wanapoingia kwenye timu ya shule.

Ninachopendekeza, basi, ni mtoto apitishwe namba mbalimbali kabla ya kukabidhiwa moja. Atakayenipinga kwanza atasema kuwa mtoto anayezungushwa kila namba hatabobea popote, ataishia kuwa kiraka. Hofu hiyo inaeleweka, lakini historia ya wachezaji wetu inaipinga. Erasto Nyoni amecheza beki wa pembeni, beki wa kati na kiungo, na uwezo huo wa kubadilika ndio uliomweka kwenye mipango ya makocha wengi kwa zaidi ya miaka kumi. Shomari Kapombe alipita katikati ya ulinzi na kiungo kabla ya kutulia namba mbili, na anavyopanda na mpira akiwa pembeni unaona alisoma uwanja kutoka katikati. Novatus Dismas alicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya msimu wa 2023/24 akiwa na Shakhtar Donetsk, akitumika beki wa kushoto, ilhali Taifa Stars inamtegemea pia kama kiungo. Simon Msuva aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2014/15 kwa mabao 17 akiwa winga wa Yanga, kisha akasogea katikati ya ushambuliaji, na amefunga kwenye AFCON ya 2019 dhidi ya Kenya na kwenye ile iliyofanyika Ivory Coast, Januari 2024, dhidi ya Zambia. Nje ya Afrika Mashariki, beki Philipp Lahm alihamishiwa kiungo na kocha Guardiola pale Bayern Munich akiwa na umri wa karibu miaka 30. Kama mtu mzima wa kiwango hicho bado anaweza kubadilishwa, haraka ya kumfungia mtoto wa darasa la tano inatoka wapi? Nakubali, hata hivyo, kwamba kumzungusha mtoto hovyo, leo namba mbili na kesho namba tisa, humchanganya. Mpe nafasi moja kwa mwezi mzima, ajue kazi yake, ndipo umhamishe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: timu itafungwa. Mwalimu akimweka mfupi katikati ya ulinzi na mrefu winga, shule jirani itampiga mabao, mwalimu mkuu atalalamika, na wazazi watasema hajui kazi. Hilo linaweza kutokea, na sioni sababu ya kulificha. Lakini mwaka una miezi kumi na miwili na UMITASHUMTA ni msimu mfupi. Apange timu ya ushindi majuma ya mashindano, na miezi mingine yote aitumie kwa mzunguko. Hata ndani ya mashindano, kipindi cha pili cha mechi ambayo timu inaongoza kwa mabao matatu ni muda wa kumjaribu mtoto mahali papya bila hasara yoyote.

Pingamizi la tatu linahusu golikipa, na hapa nakubali nusu. Kimo kina uzito golini kuliko mahali pengine popote, na hakuna mazoezi yanayoweza kukirefusha kiganja. Lakini hata hapo uchaguzi wa miaka kumi na moja ni wa kubahatisha, kwa kuwa mrefu wa leo anaweza kuwa wa wastani kesho. Zaidi ya hayo, kipa wa sasa anaanzisha mashambulizi kwa miguu, na mtoto aliyezuiwa kucheza ndani tangu mwanzo atakosa miguu hiyo. Wote wapite golini kwa zamu, akiwemo mfungaji hodari, na anayeonyesha kupenda kuruka apewe zamu nyingi zaidi. Watoto hao watakapotimiza miaka 14 au 15, kimo kikiwa kimeanza kusema ukweli, mwalimu wa sekondari atakuwa na makipa watatu au wanne wa kuchagua, badala ya mmoja aliyewekwa golini kwa sababu siku ile ya kupanga timu hakuwa na kiatu.