Ngozi ya Kigasha

Kabla ya kisu, vidole gumba. Daktari huibana mishipa miwili ya damu kwenye kifundo cha mkono, humwomba mgonjwa akunje ngumi mpaka kiganja kipauke, kisha huuachia mshipa mmoja tu, ule wa upande wa kidole cha mwisho, na kungoja. Kiganja kikirudisha wekundu upesi, mshipa huo unatosha kuulisha mkono peke yake, na ule wa upande wa gumba unaweza kuhamishwa. Wekundu ukikawia, mkono huo huachwa.

Ndivyo inavyoanza operesheni ya kumtengenezea uume mwanamume transjenda, yaani aliyeandikwa mwanamke alipozaliwa. Si wote wanaoitaka. Wengi huona homoni au upasuaji wa kifua unawatosha. Anayeichagua hujiandaa kwa miezi kadhaa, na sehemu ya maandalizi hayo ni kuondoa vinyweleo vya kigasha kimoja kimoja hadi mizizi, kwa sababu sehemu ya ngozi hiyo ndiyo itakayokuwa njia ya mkojo, na vikibaki ndani yake huleta mawe na kuziba.

Aliyefungua njia ni Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Uingereza. Mwaka 1917, akimtibu baharia aliyeungua uso katika vita vya majini vya Jutland, aliona kingo za ngozi aliyoiinua zikijikunja zenyewe kwa ndani. Akazishona, ukapatikana mrija: damu ikapita salama, vijidudu vikabaki nje. Kati ya 1946 na 1949 alitumia mirija ya namna hiyo kumtengenezea uume Michael Dillon, aliyekuwa akisomea udaktari. Zilihitajika operesheni zisizopungua 13, maana ngozi ilihamishwa kidogo kidogo, na kila ilipofika ilisubiriwa ipate damu mpya.

Mwaka 1984 madaktari wa China, Chang na Hwang, walieleza namna ya kuifanya kazi hiyo kwa ngozi ya kigasha, kwa mara moja. Ngozi huchorwa kwa kalamu, kisha huinuliwa pamoja na mafuta, ateri, vena na neva zake. Ukanda mwembamba hukunjwa, upande wa nje wa ngozi ukielekea ndani, uwe njia ya mkojo. Ukanda mpana huuzunguka. Mrija ndani ya mrija. Na kinachonistaajabisha zaidi ni kwamba yote haya hufanyika ngozi ikiwa bado imeshikwa na mishipa yake mkononi, ikiishi kwa damu ya mkono. Daktari hapunguzi dakika hata moja ya damu hiyo bila sababu.

Kisha mishipa hukatwa, na kuanzia hapo ngozi haina damu. Huwekwa kwenye kinena, na hadubini huvutwa juu yake. Ateri ya milimita 2 au 3 hushikwa kwa vibanio vidogo, midomo yake husafishwa, na sindano iliyopinda hupita ukutani mwake ikivuta uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele. Mshono mmoja, fundo, mshono wa pili upande wa pili. Fundo likikazwa mno, ukuta huchanika. Likilegea, damu huvuja. Mshono mmoja ukiushika ukuta wa nyuma, mshipa umezibwa. Mikono imeegemezwa, vidole peke yake ndivyo vinavyotembea. Mikono hiyo ilijifunza kwenye mishipa ya panya, kwa miezi mingi, kabla ya kumgusa binadamu.

Vibanio hufunguliwa. Ngozi iliyopauka hupata rangi na joto. Kigasha hufunikwa kwa ngozi nyembamba ya paja, na kovu lake halifutiki.

Usiku huo wauguzi hupita kila saa kuangalia rangi, kugusa joto, kusikiliza mapigo kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Damu ikiganda mshipani, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji mara moja. Njia ya mkojo ndiyo inayosumbua zaidi baadaye: huvuja au hujibana, na wengi hurudi kurekebishwa.

Neva zilizounganishwa chini ya hadubini hukua takriban milimita 1 kwa siku. Hisia huja baada ya miezi mingi, na hakuna daktari, hata awe hodari vipi, anayeweza kuziharakisha.