Foleni ya Bandarini

Ijumaa iliyopita tulikuwa kwenye baa ya Kiirishi huko Westlands, tukimuaga beshte yangu. Ni nesi, na wiki hii anapanda ndege kwenda Dublin. Aliyechagua baa alidhani ni mzaha mzuri, tumuonjeshe Ireland kabla hajafika.

Nianze na msosi. Niliagiza mchuzi wa kondoo wa Kiirishi: nyama, viazi, karoti, vitunguu, basi. Hakuna nyanya wala dania. Nyama ilikuwa laini na waru zimeiva vizuri, ingawa shosho yangu angeonja angesema tumesahau kukaanga kitunguu. Shilingi 1,400. Kwa pesa hizo mtaani kwetu Umoja tungekula watu wanne, tena na kachumbari.

Vinywaji sina lalamiko kubwa. Weita aliniletea Guinness ya chupa na kuuliza, "Baridi ama moto?" Nilifurahi. Swali hilo ni la kwetu kabisa, halikuletwa na mapambo.

Mapambo nayo ni mengi: mbao nyeusi, baiskeli kuukuu juu ya mlango, mabati ya matangazo yaliyochakazwa makusudi. Siyachukii. Dublin kwenyewe kuna Irish Pub Company, iliyoanza mwaka 1990, ambayo kazi yake ni kubuni baa kama hizi na kuzisafirisha dunia nzima. Ukongwe unauzwa kama sofa. Sawa tu, kila mtu na biashara yake.

Kilichonisumbua ni picha moja ukutani, karibu na choo. Watu wako bandarini, mabegi miguuni, wakingoja meli. Haina hata neno moja chini yake. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi vya Ireland. Katika miaka michache watu kama milioni moja walikufa, na wengine kama milioni moja wakahama, huku chakula kingine kikiendelea kupakiwa kwenda Uingereza. Waliofika New York na Boston walikutana kwenye baa zao kuulizia kazi, chumba na habari za nyumbani. Uchangamfu tunaouziwa Westlands ulianzia kwa watu waliokuwa wamepoteza kwao. Baa imenunua fremu ikaacha habari yenyewe.

Baada ya chupa ya pili, beshte yangu alisimama chini ya picha hiyo akaomba tumpige picha. Akatabasamu, mkoba begani. Nilipoiangalia kwenye simu nikaona ametoshea kabisa kwenye ile foleni.

Sikumwambia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina karatasi ya kunivusha popote, na sikutaka maneno yangu yasikike kama wivu. Labda kweli ulikuwepo wivu kidogo. Yeye alisomea kazi ya kuuguza watu wa hapa, akangoja ajira mpaka akachoka. Si ukungu wa viazi vya Nyandarua unaomfukuza, lakini bado anaondoka.

Ukienda, agiza huo mchuzi, kaa mbali na spika, na usipite ile picha haraka ukikimbilia choo. Bili ilipofika tulianza kupapasa mifuko. Aliilipa yeye, yote, akasema tutamrudishia akirudi.

Hakuna aliyemuuliza ni lini.