Kikaribishi cha Amri na Msomaji wa Mbulu

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo kompyuta limezuka neno "haraka ya amri", kwa maana ya ile alama ambayo ganda la mfumo huionyesha likingoja kuamriwa. Neno hili halifai hata kidogo. Aliyelitunga, awe mtu au mashine, aliokota maana moja ya neno la Kiingereza, ile ya upesi, akaiacha iliyohitajika. Wengine husema "kidokezo". Hilo ni afadhali, ila adokezaye hutoa fununu, na alama hii haifunui kitu, yakaribisha. Twapendekeza "kikaribishi". "Ganda" na liachwe lilivyo, kwani lakizunguka kiini cha mfumo.

Lakini udhaifu haumo katika istilahi peke yake. Ganda la Bash, lililotolewa mwaka 1989, huisoma sura ya kikaribishi katika kigeu PS1, na mifano inakiliwayo huandikwa hivi:

PS1='\[\e[32m\]\u@\h\[\e[0m\]:\w\$ '

Mwalimu wa Katesh au Dongobesh aweza kuunakili. Kuusoma ni kazi nyingine. Ndugu msomaji na aulinganishe na huu:

kijani='\[\e[32m\]'
kawaida='\[\e[0m\]'
PS1=$kijani'\u@\h'$kawaida':\w\$ '

Matokeo ni yale yale, bali sasa rangi ina jina. Tena zile alama \[ na \], ziliambiazo ganda kwamba yaliyo kati yake hayachukui nafasi kwenye mstari, zimelindwa mahali pamoja. Zikisahauliwa, amri ndefu hujikunja juu ya maneno yaliyokwisha andikwa, na mwanafunzi hudhani mashine imeharibika.

Jina la kigeu hukubali herufi za kawaida, tarakimu na mstari wa chini tu. Kiswahili hapo hupungukiwa na ritifaa ya ng' tu. Kiiraqw, lugha ya wengi wilayani Mbulu, chapungukiwa zaidi. Katika sarufi ya Maarten Mous ya mwaka 1993 mkwaju (/) ni konsonanti. Katika ganda ni mpaka wa saraka, wala hauingii katika jina la faili. Ritifaa nayo, ambayo ni konsonanti vilevile, ganda huidhani mwanzo wa nukuu. Basi mwongozo usemao kwamba faili huitwa jina lolote haukumfikiria Mwiraqw. Alama ʕ ingekubaliwa katika jina la faili, ila kibodi za kawaida hazina kitufe chake.